Foleni Niliyoirefusha Mtendeni

Habari za kifo cha Doto zilinikuta Mwanza, nikiwa juu ya ngazi katika ofisi ya watu, kebo nimeing'ata mdomoni, nagombana na meneja aliyekuwa akiniuliza kila baada ya dakika mbili kama nimemaliza. Simu ilitetemeka mfukoni. Ujumbe ulikuwa mfupi: Doto ametutoka leo asubuhi, homa ya siku tano tu, mazishi kesho Igalula. Nikashuka. Meneja akaniuliza tena kama nimemaliza, nikamwambia ningekuwa nimemaliza asingeniona nalia mbele yake, na kama ana haraka sana apande mwenyewe. Ndivyo nilivyo. Mdomo wangu hauna breki, hasira zangu ziko puani, na wateja wananivumilia kwa sababu moja: mtandao nikiufunga mimi, ukiongea na mtu sauti yako inafika hapo hapo, hata kama nyumba nzima inaangalia sinema. Wanadhani ni ufundi. Ni woga. Kuna mwaka mmoja niliishi Tabora, nikiwa na miaka ishirini na saba, ambao ndio ulionitia woga huo. Nimeusimulia mara nyingi, na kila mara nimeusimulia kwa namna inayonipendeza mimi. Sasa Doto hayupo, na mimi nina miaka thelathini na minane, mvi zimeshaanza kunichungulia kwenye paji la uso, na nimechoka kupendezwa.

Nilipanga chumba Mtendeni kwa Mzee Ramadhani, mfanyabiashara wa asali aliyekuwa amestaafishwa safari na magoti yake. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, kuta nene, mlango mzito wa mbao ulioliwa na mchwa kwa chini, baraza ndefu mbele na ua mpana nyuma wenye vyumba sita vinavyotazamana. Mzee alipenda kutuambia kwamba misafara ya kale iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilikuwa ikitua mizigo pale pale, na kwamba katika ukoo wake hajawahi kufukuzwa mtu mlangoni. Umekuja umechoka, kaa. Subiri. Zamu yako itafika. Yeye mwenyewe aliendelea hivyo hivyo: asubuhi baraza lilijaa watu wa vijijini na madumu yao ya asali, nyuki wawili watatu wamewafuata njia nzima, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa rudi kesho. Wengine walikaa mpaka alasiri. Nililipenda sana jambo hilo, maana kwingine nilikopita nilikuwa nimezoea kufungiwa milango usoni, na nikajiambia kwamba hapa ndipo penye watu wastaarabu.

Ustaarabu wa barazani, lakini. Uani palikuwa pa ngumi. Sijui ni joto, sijui ni vyumba vidogo, lakini mwaka ule sikumbuki wiki iliyopita bila mtu kutokwa damu. Tulikula pamoja jioni, wapangaji wote, sahani moja ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, au ugali na nsansa, mboga ya majani makavu, na mara nyingi mkono uliomega tonge ndio uliokuwa umempiga mtu mchana. Mimi mwenyewe nilimrushia mpangaji wa chumba cha nne sufuria ya maji ya moto kwa sababu alinigusa nikipita, na alikaa na malengelenge begani wiki mbili. Wote walisema nilifanya vizuri. Kinara wa ngumi alikuwa Masanja, mtu wa Nzega, mwendesha bodaboda, mabega kama mlango. Kijijini kwao alikuwa amelinda na sungusungu tangu akiwa kijana, na filimbi yake ya lindo aliining'iniza shingoni hata akioga. Alikuwa mkarimu, Masanja. Alinibebea betri nzito ya gari mpaka chumbani kwangu siku niliyohamia na akakataa hata maji ya kunywa. Lakini akikasirika alikuwa anapiga kwanza, ndipo anauliza.

Doto alikuwa kinyume chake. Alitoka Igalula, alishona sofa chini ya upenu wa ua, mbele kabisa ya dirisha langu la wavu, kwa hiyo kila nilipoinua macho kutoka kwenye kompyuta nilimwona: misumari midogo mdomoni, nyundo mkononi, anagonga kitambaa kwenye mbao, tap, tap, tap, halafu anapitisha kiganja juu yake kuona kama kimenyooka. Kiganja chake cha kulia kilikuwa na akili. Alikuwa akifumba macho akipapasa sofa, na palipo na mkunjo anapajua. Kabla ya kushona aliwahi kuendesha mashine ya kusaga nafaka kwa miaka kadhaa. Hakuwa msemaji, na alipocheka alitazama chini. Nilikuwa nampenda kidogo. Naona niseme tu, kwa kuwa nimeshaanza kusema.

Ruta ya nyumba ilikuwa kwangu, imening'inia kwenye msumari juu ya meza. Mzee Ramadhani ndiye aliyeleta mtandao, kwa ajili ya binti yake Salma aliyekuwa akifanya kazi za ndani Muscat, ili kila siku baada ya sala ya alasiri azungumze naye. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta, na pia nikipokea video za harusi na kuzirusha mtandaoni kwa ajili ya ndugu walio mbali, basi akanikabidhi kisanduku kile nikitunze, na wapangaji wote wakaunganishwa. Betri ya gari iliyokuwa ikikilisha umeme ukikatika ndiyo iliyochaji simu za watu wote, kwa hiyo meza yangu siku zote ilijaa simu za wenzangu. Vurugu zilianza na mpira. Mechi ikiwa motomoto picha inakwama, na ua mzima wa wanaume unageuka kunitazama mimi. Siku moja picha iliganda mpira ukiwa hewani, na mpangaji wa chumba cha nne akamwambia Masanja kwamba ni simu yake inayokula mtandao wote. Masanja alimpiga kigoda cha uso. Jino lilirukia kwenye sahani ya michembe, na tukamaliza kula tukiwa tumelizunguka, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulishika.

Baada ya jino lile nikaapa hakuna kitakachokwama tena kwenye nyumba hii. Nieleze kidogo, haitachukua muda. Ruta inapokea mambo ya kila mtu aliyemo ndani na kuyatoa nje kwa mlango mmoja mwembamba. Yakizidi mlango, yanapanga foleni ndani ya ruta, na hapo pa kusubiria sisi mafundi tunapaita bafa. Foleni ikijaa, kinachokuja kinatupwa. Simu au kompyuta iliyokituma inashtuka, inapunguza mbio, inatuma upya. Kutupwa huko ndiko kunakowaambia watumaji kwamba njia imejaa. Mimi sikulijua hilo vizuri, au nililijua kwa kusoma na sikulielewa. Nilichoona mimi ni vitu vinavyofukuzwa mlangoni, na nilikuwa nimekaa kwa Mzee Ramadhani miezi ya kutosha kuona kwamba huo ni ushenzi. Nikaingia kwenye mipangilio nikairefusha foleni mara kumi. Haikunitosha, nikairefusha tena. Kila kitakachokuja kikae, kisubiri, zamu yake itafika. Kipimo cha kasi kikapanda, sinema zikashuka bila kukatika, nikawaeleza watu uani nilivyoirefusha foleni, wakanipigia makofi, na mimi nikatembea pua juu mwezi mzima.

Aliyeumia wa kwanza alikuwa mzee mwenyewe. Ukuta kati ya chumba changu na ukumbi wake haukuzuia sauti, nami nilisikia kila neno. Alikuwa akimsalimia binti yake, kisha kimya, sekunde nne, tano. Anadhani hajasikika, anarudia, na jibu la kwanza linamfikia akiwa katikati ya swali la pili. Wanaanza kusema pamoja, wananyamaza pamoja. Siku moja Salma alimweleza kwamba mwajiri wake amemmwagia chai ya moto mkononi kwa sababu ameichelewesha. Lakini kabla maneno hayo hayajafika Tabora, mzee alikuwa ameshaanza kumsimulia jinsi mtu wa asali alivyofukuzwa na nyuki wake mwenyewe barazani, na akacheka, kicheko chake kile kirefu cha kifuani. Salma alimaliza kusema ameunguzwa na kilichomfikia ni baba yake anacheka. Akakata. Hakupiga tena kwa siku nyingi. Mzee alikuja mlangoni kwangu akiwa ameshika simu kwa mikono miwili, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mgonjwa, akaniuliza kama kuna kinachoweza kufanyika. Nikamfungulia kipimo cha kasi, nikamwonyesha namba. Nikamwambia kwetu kuko sawa, tatizo liko Muscat. Alikuja mara tatu, na mara zote tatu nilimwonyesha namba.

Doto ndiye aliyelitamka. Tulikuwa barazani, watu wa asali wamejaa, mzee analalamika kwamba mwanawe amemsusa, ndipo Doto akasema taratibu, bila kuniangalia, kwamba alipokuwa kwenye mashine ya kusaga waliwahi kupata kesi kama hiyo. Mtu alikuja na magunia kumi ya mahindi, na nyuma yake mama mwenye kibakuli kimoja cha mtama wa uji wa mtoto mgonjwa, na wao wakaona heshima ni kila mtu asubiri zamu. Mama alisubiri mpaka mtoto akaacha kulia. Toka siku hiyo, alisema, kibakuli kilikuwa kinapita kwanza, na magunia yakizidi wanamwambia mwenyewe ayarudishe nyumbani. Kisha akaongeza, "Foleni ya Modesta imekuwa ndefu mno. Sauti ya Salma ni kibakuli." Baraza lote likanigeukia. Alikuwa sahihi, na nililijua hilo palepale. Nikamwambia arudi kwenye magodoro yake, kazi za watu waliosoma awaachie waliosoma. Watu wakacheka. Doto akatazama chini, akaenda. Ningeweza kuingia chumbani dakika ile ile nikaifupisha foleni. Sikuifupisha kwa sababu angejua kwamba nimemsikiliza.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, Masanja alirudi kutoka Ntalikwa alikokwenda mazikoni kwa gari la wenzake. Pikipiki yake alikuwa ameiacha uani, na ufunguo kwa Doto, kama kawaida yake. Haikuwepo. Doto akamwambia kwamba Ngassa, kaka mkubwa wa Masanja, aliyeoa na kuhamia vijiji vya ndani huko Igalula, alikuja asubuhi kwa lori akihema: mkewe uchungu umemwelemea tangu jana, hakuna usafiri wa kumfikisha zahanati. Akachukua ufunguo akaondoka. Kwao kaka mkubwa haombi ruhusa ya mdogo wake, na Doto alilijua hilo, akampa. Masanja akapiga simu ya Ngassa. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani, kisha simu yake ikaishiwa chaji, akaja akaichomeka mezani kwangu kwa nguvu mpaka betri ikatikisika. Wakati huo mama mmoja wa jirani akasema yeye alimwona Doto asubuhi akimkabidhi pikipiki mtu mgeni, na mgeni yule akaondoka mbio bila kuangalia nyuma. Ikatosha. Masanja akaiweka filimbi mdomoni.

Filimbi ile ikilia kila mtu anatoka. Hakuna aliyetufundisha, lakini wengi wetu tulikulia vijijini ambako yowe likipigwa unaacha ulichoshika, na usipotoka nawe utaulizwa ulikuwa unaficha nini. Wakatoka wa vyumba vyote, wakaingia wa nyumba za jirani, mwingine na mpini wa jembe, mwingine na mnyororo wa pikipiki, mpangaji wa chumba cha nne na kigoda kile kile kilichomng'oa jino. Nami nikatoka. Wakauliza ni nani, Masanja akanyoosha kidole, na Doto akafungua mdomo kueleza. Mimi ndiye niliyempiga wa kwanza. Kofi la uso, kwa nguvu zangu zote. Nikamwita mwizi. Nataka ieleweke kwamba wakati ule niliamini kweli ni mwizi, na nataka ieleweke pia kwamba nilifurahi kuamini. Mtu mwizi hawezi kunifundisha mimi kuhusu foleni. Baada ya kofi langu wengine hawakuhitaji kuambiwa.

Nikarudi ndani kwa sababu kompyuta ilikuwa inapakia video ya harusi tangu asubuhi. Ilikuwa imeshaniangusha mara mbili wiki ile, na tovuti yenyewe ya zamani zile ukikatisha unaanza upya kutoka sifuri. Nikakaa. Ilikuwa imefika asilimia tisini na moja. Kupitia wavu niliona migongo, niliona mpini unapanda na kushuka, nilisikia mnyororo. Mnyororo juu ya mtu haulii kama unavyodhani, ni kama kufua nguo nzito. Doto alikuwa akisema jina la Ngassa. Hakulia, hakuomba, alirudia tu jina hilo, na kila akilitaja walimpiga kwa kusema uongo. Ndipo simu ya Masanja ikawaka mezani kwangu, ikaanza kulia. Ilikuwa imepata chaji kidogo. Kwenye kioo iliandikwa Kaka Ngassa.

Alikuwa anapiga kwa mtandao, maana kama watu wengi alikuwa na bando na hana salio la kupigia. Nikapokea. Kioo kikaandika inaunganisha, duara likazunguka, likazunguka, ikakata. Nilijua ni nini. Hakuna mtu Tabora nzima aliyejua kuliko mimi siku ile. Video yangu ilikuwa imejaza foleni yote niliyoirefusha kwa mikono yangu, na sauti ya Ngassa ilikuwa imesimama nyuma ya magunia. Nilichotakiwa kufanya ni kubofya mara moja, kuikatisha video, na simu ingepita. Ikalia mara ya pili. Nikapokea, inaunganisha, ikakata. Nikatazama kompyuta. Tisini na nne. Nikajiambia inakaribia, dakika tatu, nne, hawezi kufa kwa dakika nne.

Nje walimburuta mpaka kwenye benchi lake la kazi, chini ya upenu, hatua tano kutoka dirishani kwangu. Walimlaza shavu juu ya mbao, akawa amenielekea. Masanja aliokota nyundo ya sofa, ile ndogo, na kelele zikapungua, na hiyo ndiyo sababu nilisikia vizuri.

"Mkono gani ulitoa ufunguo?" aliuliza.

Doto angeweza kusema wa kushoto. Nani angejua? Nimelifikiria hilo kwa miaka kumi na moja. Lakini mtu yule hakuwa na uongo hata wa kujiokoa.

"Huu," alisema, akausogeza wa kulia.

Simu ikalia mara ya tatu mkononi mwangu. Tisini na saba. Sikupokea hata, niliishika tu ikitetemeka. Nilihesabu mapigo ya nyundo bila kutaka, na sitayaandika hapa ni mangapi. Nilichoandika tayari kinatosha: nilikuwa naangalia kompyuta. Tisini na nane ilikaa muda mrefu. Tisini na tisa ikakaa zaidi. Ilipofika mia nikampigia Ngassa, na kwa kuwa foleni sasa ilikuwa tupu, alipokea papo hapo na sauti yake ikaja safi kama yuko chumbani. Alikuwa akicheka kwa furaha.

"Mwambie Masanja amepata mtoto wa kike," alisema. "Mama yake mzima, mtoto mzima. Pikipiki nairudisha kesho. Kwani Doto hajamwambia?"

Nilitoka nikipiga kelele, simu nimeinyoosha juu, sauti ya Ngassa ikiendelea kuita haloo, haloo. Nikajitupa kati yao, nikapigwa mpini wa bega na mtu ambaye hakuwahi kusimamisha mkono kwa wakati, nikamsukuma Masanja. Akasikia sauti ya kaka yake. Nyundo ikamdondoka, akakaa chini mavumbini kama mtoto, akaanza kujipiga usoni kwa ngumi zake mwenyewe, na hakuna aliyemzuia. Mzee Ramadhani, aliyekuwa amekwenda msikitini, aliingia wakati huo na kuukuta ua wake vile. Alivua kanzu yake, akauzungushia mkono wa Doto, na kwa magoti yale mabovu akamsindikiza mpaka hospitali. Vidole vitatu havikurudi kamwe. Kiganja kiliganda kikiwa kimekunjwa nusu, kama kimeshika kikombe ambacho hakipo.

Jioni ile kabla jua halijazama niliingia kwenye mipangilio ya ruta nikaifupisha foleni. Nikaubana pia mlango wa kutolea mizigo chini kidogo ya uwezo wake, ili magunia yasiujaze na kibakuli kipate kupita. Kazi ya muda wa kuchemsha chai. Kipimo cha kasi kikashuka, sinema zikaanza kusitasita, na hakuna aliyelalamika, uani hakuna aliyekuwa na hamu ya sinema. Kesho yake Salma alipokea, na mzee akamsikia anavyovuta pumzi. Alimwambia arudi nyumbani. Alirudi baada ya mwezi, mkono una kovu kuanzia kiwiko. Kwangu mimi sikia walichofanya: walinishukuru. Wazee wa pande mbili walikaa, wakaamua Masanja alime shamba la Doto kila masika mpaka mmoja wao azikwe, na katika kikao hicho hicho ikasemwa kwamba bila Modesta aliyetoka na simu, Doto angekufa. Mama yake Doto aliniletea kuku. Nilimpokea. Nilimchinja, nilimpika, nikamla na wenzangu, na nikahama Mtendeni mwisho wa mwaka nikiwa mtu mwenye sifa.

Basi niliingia Igalula juzi nikiwa na sifa hizo. Nilimkuta Masanja kaburini, nywele zote nyeupe, anashindilia udongo kwa jembe alilolimia mashamba ya marehemu masika kumi na moja bila kukosa. Aliponiona alinipigia goti mbele ya watu, akisema dada, wewe ndiye uliyenizuia nisiwe muuaji. Nikamwinua haraka. Binti wa Ngassa, mrefu, mwenye umri ule ule wa mkono wa Doto ulioharibika, alininawisha maji na kunipeleka ndani kwa wanawake. Wakanipisha mkekani, nikae karibu kabisa na mjane. Anaitwa Kabula. Nilikuwa sijawahi kumwona, aliolewa baada ya yale. Tulikaa, nje wanaume wakigombania makoleo, ndani sufuria ya ugali ikigeuzwa kwa mwiko mkubwa. Aliniuliza habari za safari, nikamjibu. Akaniuliza kama nimekula, nikasema bado. Kisha akaniinamia sikioni, akanena kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

"Dada Modesta, Doto alikuwa anakuona dirishani. Aliniambia mimi peke yangu. Alisema simu ilikuwa inawaka mkononi mwako, na wewe ulikuwa unatazama kitu kingine. Hakujua ni nini. Ulikuwa unatazama nini?"

Miaka kumi na moja Doto alikuwa anajua. Alikuwa akipokea salamu zangu za sikukuu, akanitumia picha ya mtoto wake wa kwanza, akaniita kwenye ubatizo wake. Nilitafuta uongo, na nina uwezo wa kuutunga haraka kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, lakini niliukumbuka mkono ule ukisogezwa juu ya benchi.

"Namba," nikasema. "Kulikuwa na namba kwenye kompyuta, nilikuwa nasubiri ifike mia."

Hakupiga kelele. Hakunipiga, ingawa nilikuwa nimeshainua uso kumwachia nafasi. Alizinyoosha pindo za khanga yake magotini, moja, halafu nyingine.

"Ilifika?" aliuliza.

"Ilifika."

Akatikisa kichwa, akamwita binti wa Ngassa aniletee chakula.